Sauti ya Mizani

Mshereheshaji anayetangaza uzito wa samaki mizanini hapa Ziwa Guntersville hajawahi kushinda hata shindano moja la kuvua samaki aina ya besi, na Ledford, bingwa wa ziwa hili, hamtazami bila roho kumuuma. Ana kitambi, kofia iliyopauka, na mikono anayoichovya majini kwanza kabla ya kumshika samaki yeyote, hata umati upige kelele vipi. Akiisogelea maikrofoni, watu husahau soda zao. Leo alimwinua samaki wa Ledford, mzito kuliko wote. "Mnamwona bibie huyu?" Wakacheka, wakamshangilia mshereheshaji, si mvuvi. Hata mama yake Ledford, kwenye kiti chake cha kukunja, alipiga makofi akimtazama yule.

"Mama, umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu. Sogea kidogo, unaniziba."

Watu walipotawanyika, Ledford alimfuata mshereheshaji ukingoni mwa ziwa akamwambie lake. Akamkuta amepiga magoti, mikono ya shati imelowa, amemshikilia samaki yule aliyechoka, akimsukasuka majini taratibu mpaka apate nguvu. "Haraka ya nini, bibie? Mimi nipo," alimwambia, kwa sauti ileile, bila maikrofoni. Ledford akabaki amesimama, akimwonea wivu hata samaki.