Tukingoja Mtoto Ajambe

Nyumbani wananiita munganga wa telefone. Sikusomea udaktari. Nasoma tu magonjwa kwenye simu, kisha nayaona kwa kila mtu. Juma lililotangulia nilimtangazia mjomba kwamba kidole tumbo chake kinakaribia kupasuka. Kumbe ni maharagwe.

Kwa hiyo mtoto wa yaya, dada yangu mkubwa, asiyetimiza hata mwaka, alipoanza kulia na kukunja magoti, hakuna aliyeniuliza kitu. Nkambo, bibi yetu, alikuwa ameshapasha maji ya majani na kutafuta mpira wa lavema, ule wa kumwingizia mtoto dawa kwa nyuma. Kwetu tiba ya kila tumbo huanzia hapo.

Kisha mtoto akatapika. Kijani kabisa.

"Alikula sombe," nkambo akasema.

"Nkambo, anakunywaka maziwa tu! Majani ya muhogo atayatoa wapi?"

"We njo munganga?"

Nilikuwa nimesoma kwamba kwa mtoto mchanga matapishi ya kijani yanaweza kuwa utumbo uliojisokota, na ukikosa damu unakufa. Lakini hata habari za mjomba nilizisoma hukohuko. Sikujua la kufanya, nikaukalia ule mpira.

"Toka, utaupasua!"

"Hospitali kwanza. Kama ni sombe, utanipiga miye hiyo lavema."

Yaya akacheka huku analia, akambeba mtoto.

Hospitalini, daktari mpasuaji alitazama kitenge kilichotapikiwa, akapapasa tumbo, akaagiza ekografi, picha ya ndani ya tumbo, upesi.

"Mulimupiga lavema?"

"Hapana," nkambo akajibu. "Huyu aliikalia."

"Alikaa vizuri."

Utumbo ulikuwa umejizungusha kama nguo inayokamuliwa. Walimpasua, wakausokotoa, na rangi yake ikarudi. Lakini mpasuaji hakutaka tushangilie.

"Sasa tunangoja ajambe. Upepo ukipita, tutajua utumbo unafanya kazi. Kabla ya hapo, hakuna maziwa."

Tukangoja. Niliinama juu ya kitanda hadi shingo ikaniuma. Wamama wa kwaya walikuja, wakafumba macho, wakamwomba Mungu upepo. Katikati ya sala, ukasikika.

"Amina!" wakapaza sauti.

Mimi nikamtazama nkambo, aliyekaa karibu na kitanda kuliko wote.

"Nkambo, samahani. Si weye?"

"Mutoto wa adabu mbaya!"

Yaya alikuwa tayari anaomba maziwa. Nikamzuia, nikasema tuhakikishe. Nkambo akainuka kwa hasira, akaenda kusimama mbali, mlangoni. Tukatega masikio wote.

Mtoto akajamba tena, peke yake.