Damu ya Binti Yangu Iko Kwenye Friji Yao

Binti yangu alifia mapajani mwangu kwenye benchi la dispensari, huku Changamwe, mchana kweupe, watu sita wakiwa mbele yetu kwenye foleni. Degedege lilikuwa limemshika mara tatu tangu asubuhi. La nne lilipomwachia nikadhani amepata usingizi, nikamfunika miguu kwa leso. Mama mmoja aliyekaa kando yangu ndiye aliyemgusa shingo, akaniambia polepole, "Dada, mpeleke ndani huyo mtoto. Usingoje zamu." Nikajua. Alikuwa na miaka sita. Kiatu kimoja kilimvuka njiani na sikurudi kukiokota.

Muuguzi aliandika malaria, ati imempanda kichwani. Lakini mkobani nilikuwa na kadi ya watu wa utafiti waliompima wiki hiyo hiyo, na kadi ilisema malaria hakuna. Mie niliishia darasa la tano, ila neno "hakuna" nalijua kulisoma.

Mume wangu wakati huo alikuwa kibarua kwenye kiwanda kilichopakana na nyumba zetu. Walikuwa wakivunja betri kuukuu za magari, wakiyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Na huku kwetu mwanamke hutazamwa kwa sufuria zake. Unazisugua kwa jivu na mchanga, unazianika mlangoni, wapitao waone. Siku moja mume wangu akarudi na kopo la maziwa limejaa vumbi la kijivu, laini kama unga wa ngano, alilozoa kando ya tanuri. "Jaribu hili," akasema. Wallahi, sufuria ziling'aa hadi nikacheka peke yangu.

Jirani yangu akasimama mlangoni. "Shoga, wasugua sufuria au watafuta mchumba?"

"Mchumba ninaye. Ndiye aliyeniletea hii dawa."

"Basi mwambie na mie anitilie kopo. Wangu huniletea nguo chafu tu."

Nikamgawia. Nikagawia na wengine. Hilo ni langu, simtwiki mtu.

Binti yangu alikuwa na kisufuria chake cha kuchezea. Tulikaa wawili uani, yeye akisugua chake mie nikisugua zangu, akinisimulia habari ndefu zisizo na mwisho za paka wa jirani. Mikono yake ilikuwa ya kijivu hadi viwikoni. Akiona njaa, alichukua kiazi kwa mikono hiyo hiyo. Nilimwona. Nilimwona kila siku, nikaona mtoto ananisaidia kazi.

Watu wa utafiti walikuja kila mwezi. Walikuwa wakichunguza homa za watoto, wapi zinatoka, mbu gani analeta. Waliingia kwa adabu, hodi tatu, na kisanduku chao cha barafu. Nilitia sahihi kwenye fomu yao. Yule dada mwenye sindano aliisoma mbio, kisha akanambia, "Ni mambo ya homa tu, mama, usiwe na wasiwasi." Sikuwa nao. Nilijiona nimepata bahati, mtoto wangu anapimwa na watu wenye makoti meupe.

"Damu yangu yaenda wapi?" binti yangu alimuuliza siku moja.

"Yaenda kusoma."

"Na mie nitaenda lini?"

Tulicheka sote watatu. Nataka kuisikia tena ile "na mie". Ningeisikia hata mara moja, hata kwenye simu mbovu. Nguo zake nimezigawa, harufu yake kwenye mto iliondoka mapema sana, nami nilikuwa nimeapa sitaufua.

Mwezi uliofuata nilimwambia yule dada, "Tumbo lamsokota. Hajaenda choo siku tatu. Na herufi alizozijua amezisahau, na zamani hakuwa hivi, sasa analia ovyo." Akatazama karatasi zake. "Hilo halimo kwenye maswali yetu, mama. Mpeleke dispensari." Dispensari wakampa dawa ya minyoo. Mwezi wa pili nikasema tena. Akaandika kitu pembeni mwa karatasi, nilimwona akiandika, akasema atamfikishia daktari mkuu. Mwezi wa tatu ndio wa lile benchi.

Baadaye walikuja watu wengine wa kutafuta sumu, wakapima udongo, kuta, maji, na sufuria zangu. Wakasema risasi imejaa kila mahali. Wakatupima sisi wakubwa pia. Mie ninayo mifupani, magoti hayanipandishi ngazi, na mume wangu viganja vimelegea, kikombe hushika kwa mikono miwili. Kopo lile hatulitaji. Sijamlaumu kwa mdomo.

Nikaenda ofisi ya utafiti. Kijana aliyenipokea aliinuka kitini, "Shikamoo mama," akanipa maji. Nikamwambia sitaki maji, nataka damu ya mwanangu ipimwe risasi. Akatazama kompyuta. Ipo, akasema, chupa kumi na moja, zimehifadhiwa vizuri.

"Basi ipimeni."

"Ulitia sahihi ipimwe homa, mama. Kupima kitu kingine ni lazima kamati iruhusu."

"Mwenye damu nimemzika. Mamake ndiye mie. Ruhusa ya nani tena?"

"Naelewa, mama."

"Huelewi, mwanangu. Hebu nionyeshe hata chupa moja."

Akasema chumba cha friji hakiingiwi. Nilikuwa nataka kuishika tu. Kuifumbata kiganjani mpaka ipate joto. Mwili wote uko mchangani, kilichobaki juu ya ardhi ni hicho, kimeandikwa nambari, nami nasimama upande wa pili wa ukuta kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Nimekwenda mara nne. Kila mara kamati haijakaa.

Basi nawataja, na ingawa majina yao nayajua, nitawataja kwa viti walivyokalia. Mwenye kiwanda, aliyewapa wafanyakazi wake vitambaa vya kujifunga pua na yeye akaishi ng'ambo ya maji ambako moshi haufiki. Afisa wa mazingira, aliyekuja na gari, akatazama tanuri liko hatua chache kutoka vitandani mwetu, akatia muhuri kiwanda kiendelee. Hao sina hamu ya kusikia wanasema nini, wana mawakili wa kuwasemea.

Lakini wewe daktari mkuu wa utafiti wa homa, wewe nakuuliza. Miezi kumi na moja ulipokea damu ya mwanangu. Karatasi ya yule dada ilifika mezani kwako, kwa kuwa yeye mwenyewe ameniambia alikupa mkononi. Mtoto hana malaria, mtoto analia tumbo, mtoto anasahau, nyumba yake imegusana na kiwanda cha betri, na wewe ulikuwa na damu na mashine. Ulidhani anaumwa nini? Ipime sasa, uniambie ilikuwa na risasi kiasi gani, na ilianza kupanda chupa ya ngapi. Unitazame usoni unijibu ni kwenye chupa ipi ungeweza kumwokoa. Kisha unirudishie zote nikazizike.