Tumbo la Msemaji

Yaya Casimir alirudi kutoka India na figo yangu na mashavu mapya. Figo nilimpa mimi. Mashavu aliyatafuta mwenyewe.

Mimi naitwa Rosette, nauza ndakala, wale dagaa wa ziwani, na samaki wa kukausha katika soko la mji wetu wa Baraka. Casimir ni kaka yangu mkubwa, na kwetu mkubwa wako unamwita yaya, hata siku ambayo hastahili. Ni fundi wa kushona, cherehani yake iko kwenye baraza moja karibu na soko. Figo zake mbili ziliuawa na presha aliyoipuuza miaka mingi, maana presha haiumi, na yeye huamini kwamba kisichouma hakipo. Ndugu walioko ng'ambo wakachanga, kanisa likachanga, sisi wa tumbo moja tukapimwa, na damu iliyolingana na yake ikawa yangu. Wakanipasua, wakampasua. Mimi nilirudi nimekonda, yeye akarudi amenona, na watu waliokuja kutupokea wakampongeza yeye.

Sikukasirika. Nilikasirika kidogo.

Jambo ambalo watu wetu hawakutaka kulielewa ni kwamba mwili huiona figo ya mtu mwingine kama mwizi aliyeingia ndani, nao hutaka kuifukuza. Ili usiifukuze, mgonjwa anameza vidonge asubuhi na jioni mpaka siku ya kufa. Na katika vidonge hivyo kimoja huleta njaa, tena njaa isiyo na adabu. Casimir alikuwa anakula chakula cha mchana, ananawa mikono, kisha anauliza chakula cha mchana kiko wapi. Daktari anayemfuatilia kule Bujumbura alimweleza wazi: vidonge asiache hata siku moja, ila mdomo auchunge. Apunguze chumvi, apunguze mafuta na sukari, atembee kwa miguu. Uzito ukizidi, presha itapanda, sukari itaingia kwenye damu, na hii figo nayo itawafuata wenzake. Mimi nilikuwepo, nikasikia. Casimir naye alikuwepo, lakini alikuwa akiangalia saa, kwa sababu saa ya kula ilikuwa imekaribia.

Bujumbura si mahali pa kwenda kila juma. Kwa hiyo kila Jumatatu nilimpeleka kwenye depo ya unga wa muhogo ya mama Dorothée, penye baskule ya kupimia magunia. Casimir anapanda, Dorothée anasogeza kile chuma, na wanunuzi wa unga wanangoja kusikia. Uzito ukipanda, walimpongeza. Siku moja ulishuka kidogo, na mwanamke mmoja nisiyemjua akanishika mkono akanipa pole, akauliza kama tumekwisha kumpeleka kwa wachungaji wamwombee.

Siwalaumu sana. Kwetu unene ndio ushahidi wa afya, na mtu aliyetibiwa kwa mchango kisha akabaki mwembamba ni hasara kwa waliochanga. Walipita barazani pale kumtazama kama mtu anayetazama shamba lake la muhogo, wakaondoka wameridhika. Casimir alizipanua suruali zake kwa mkono wake, akiongeza kipande kiunoni. Mwanzoni alitafuta kitambaa cha rangi ileile, baadaye akaacha kutafuta. Mkewe, Fanny, alianza kumpikia sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta ya mawese. Casimir alikula, akashukuru, kisha akaenda kusema mahari ya watu.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo lenyewe. Kwetu kijana haendi kujisemea kwa wakwe; ukoo unampeleka msemaji. Lazima awe mtu anayejua mafumbo, anayejua wakati wa kunyamaza na wakati wa kujifanya hakusikia. Casimir ana kipaji hicho tangu ujana, sina ubishi. Lakini msemaji akifika huwekewa sahani yake peke yake, bugali na nyama ya mbuzi yenye mafuta yake yote, na hafungui mdomo kusema kabla hajaufungua kula. Akila, ukoo wake umeupokea ukoo ule. Akiiacha sahani, amesema kwamba nyumba hiyo ina kasoro, na wageni wanaondoka na mbuzi wao. Wazee walisema ulimi uliponza kichwa. Wa Casimir uliponza tumbo.

Zamani, alipokuwa mwembamba, alikuwa akiitwa mara mojamoja. Sasa, na mwili ule, hata koo ambazo si zetu zilimtaka, kwa sababu mtu mnene akisimama mbele ya wakwe, wakwe wanaona uwezo. Jumamosi hii alikuwa Mboko, Jumamosi ijayo alikuwa Baraka hapa hapa. Nilimuuliza kwa nini asiwaambie watu kwamba yeye ni mgonjwa. Akanijibu kwamba hakuna ukoo unaompeleka mgonjwa kusema mahari. Wakwe watauliza ni ugonjwa gani, uko katika damu ya nani, na binti yao atazaa nini. Kwa hiyo kila alipoulizwa, alisema amepona kabisa. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema methali hiyo anaifahamu, huwa anaitumia kwenye misiba.

Safari yetu ya mwisho ya Bujumbura haikuwa nzuri. Sukari ilikuwa imekwisha kuingia, na figo ilikuwa imeanza kuchoka. Daktari aliacha kumtazama Casimir, akanitazama mimi, akasema kwamba akiendelea hivi hatuna muda mrefu, na kwamba mtu hapati figo nyingine kama mtu anayebadilisha tairi. Nililijua hilo. Mimi nimebaki na moja, na hiyo moja naitumia. Nililia kwenye gari kutoka Bujumbura mpaka Uvira, na kulia si kawaida yangu. Casimir aliingiwa na huruma, akaninunulia ndizi za kuchoma. Nilipozikataa akazila yeye.

Lakini hofu ilimwingia, hilo nalisema kwa haki. Tangu siku hiyo alikataa mialiko yote, akisingizia kazi nyingi. Alitembea asubuhi mpaka ziwani na kurudi. Kule depo uzito ulianza kushuka kila Jumatatu, na wanunuzi wa unga wakaanza kutuangalia kwa masikitiko.

Ndipo Junior, kifungua mimba wangu, akapata mchumba.

Binti anaitwa Chérie, wa Fizi kule juu mlimani, mtoto wa mzee Isidore, mkuu wa shule mstaafu. Mzee huyo alikuwa na sifa ya ugumu. Ilisemwa kwamba aliwahi kurudisha ukoo mzima kwa sababu msemaji wao alionja mara mbili akasema ameshiba. Baba yake Junior alikwisha kufariki, na ndugu zake wote walisema neno moja: nani atasema, kama si mjomba Casimir?

Nilikuwa nimenaswa. Mimi ndiye niliyemfokea kwa kila sahani ya watu. Nikimruhusu ale kwa ajili ya mwanangu, nitakuwa na mdomo gani wa kumkataza kwa ajili ya watoto wa wenzangu? Atarudi kwenye Jumamosi zake, na figo itakwenda. Na nikimkataza, Junior atarudi bila mke. Nikapendekeza binamu yetu Guy. Casimir akanikumbusha kwamba Guy akianza kusema mahari huishia kusimulia safari yake ya Kalemie. Hilo ni kweli. Yeye akasema atakwenda, na tutajua huko huko. Usiku ule sikupata usingizi, na asubuhi tukapanda gari la kukodi kwenda Fizi.

Mzee Isidore alitupokea vizuri, kwa ubaridi wake. Wanaume walikaa mbele, sisi wanawake nyuma, na Junior mwisho kabisa karibu na mlango, maana mkwe hali kwa wakwe kabla mahari hayajaisha, kazi yake ni kukaa na kujiinamia. Ikaletwa sahani. Paja zima la mbuzi, mafuta yakimeremeta juu, bugali mkubwa, na pembeni samaki wa chumvi. Huyo samaki nilimjua, ni wa kwangu, ningeweza hata kusema alitoka kwenye fungu gani. Casimir akanawa.

Akakata tonge, akalichovya. Kovu langu la ubavuni likaanza kuniuma, ingawa lilikuwa limepona siku nyingi. Nilimwomba Mungu ale na nikamwomba asile, katika sala moja. Casimir akalitazama lile tonge kwa muda, mtu angedhani analisomea. Kisha akalirudisha kwenye sahani.

“Baba Isidore, munisamehe,” akasema. “Hii chakula siwezi kuikula. Si juu ya nyumba yenu. Mi niko mugonjwa.”

Mzee Isidore hakubadilika uso. Akasema watu wanaotoka Baraka wanasimulia kwamba amepona.

“Ni mi nilibaambia vile. Nilibaongopea.”

Akaeleza yote, bila fumbo hata moja, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. Akaeleza figo zilivyokufa, vidonge vya asubuhi na jioni, na unene ambao si afya. Akaninyooshea mkono, akasema figo inayomweka hai ni ya dada yake yule pale nyuma, na kwamba akiendelea kula sahani kama ile ataiua. Mashangazi wa Chérie waliokuwa wanaleta maji wakasimama mlangoni na majagi yao. Kaka yangu mwenye mwili ule, ambaye watu walimkodi kwa ajili ya mwili ule, alionekana ghafla mtu mchovu tu. Nilimwonea huruma, na nilimpenda kuliko siku niliyolala mezani India.

Mzee Isidore akauliza swali ambalo sote tulijua litakuja.

“Huo ugonjwa iko mu damu yenu? Binti yangu atazaa batoto ba namna gani?”

Nilitaka kujibu mimi. Casimir akainua kiganja bila kugeuka, nikamwachia. Akasema kwamba ugonjwa wake ulitoka kwa presha iliyoachwa bila dawa, na kwamba Junior hana shida yoyote, alikwisha kupimwa, figo zake ni nzima.

Mzee Isidore akauliza kijana mzima alipimwa figo kwa sababu gani.

Hata mimi nilikuwa najiuliza hilo hilo. Wakati tunapimwa sisi ndugu, Junior hakuwepo. Alikuwa Uvira kwa masomo yake. Nikageuka kumtazama. Alikuwa amejiinamia zaidi ya adabu inavyotaka.

“Huyu kijana ndiye alikuya kwangu wa kwanza,” Casimir akasema. “Kabla ya mama yake. Alienda kujipimisha kule Uvira bila kuambia muntu, akaniletea makaratasi. Akasema, mujomba, ukamate ya kwangu, ile ya mama uiache. Mi nikakatala. Nikamwambia, we haujaoa bado, siku moja nitaenda kukusemea kwa bakwe, sitaki bakuone na kovu. Mama yake hakuyua. Anasikia leo, sawa vile we unasikia.”

Kwa muda wote ule nilikuwa nimezoea kuwa mtu aliyetoa. Kilikuwa cheo changu. Niliwafokea watu kwa cheo hicho, na nilimpimisha kaka yangu kwenye baskule ya magunia kwa cheo hicho. Na mtoto wangu, ambaye nilikuwa nikimwita mvivu kwa sababu hakunisaidia kubeba ndakala, alikuwa amekwisha kupita njia hiyo kabla yangu, akarudishwa, na hakusema neno. Nilipata uchungu na nilipata fahari, na sikujua kipi kitangulie. Nilishika mkono wa mwanamke aliyekaa karibu yangu. Baadaye niliambiwa alikuwa mama yake Chérie.

Mzee Isidore alimtazama Junior. Si desturi kumsemesha kijana siku hiyo, lakini alimsemesha.

“Ni kweli?”

“Ndiyo, baba,” Junior akasema, kwa sauti ambayo haikufika hata katikati ya chumba.

Mzee Isidore akanyoosha mkono, akaivuta ile sahani ya msemaji kutoka mbele ya Casimir mpaka mbele yake mwenyewe. Akanawa. Akakata tonge, akalichovya kwenye mafuta ya mbuzi, akalila. Akakata la pili. Wazee wa pande zote mbili walitazamana, maana hakuna aliyewahi kuona mwenye binti akila sahani ya msemaji, na hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Aliendelea kula taratibu, bila haraka, mpaka paja likaonyesha mfupa.

“Sasa sema,” akamwambia Casimir. “Niko nasikiliza.”

Wanaojua mambo hayo husema kwamba siku ile Casimir alisema vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Mimi sikusikia hata neno moja. Nilikuwa namtazama mwanangu pale karibu na mlango, mzima, hana kovu, na sikuweza kuondoa macho.