Viwavi kwenye Kayaba ya Dada

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa mtunza stoo katika karakana moja mjini Kisumu. Nyuma ya stoo palikuwa na ua mkongwe wa kayaba, mnene, wenye miiba mirefu kama kidole. Kila mchana, nikishakula, nilisimama pale na rula na daftari. Shule niliiacha darasa la saba. Mengine nimejifunza hivyo, kwa kutazama kitu kimoja muda mrefu.

Nilichotazama ni kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi. Jina la vitabuni sikulijua bado, kwa hiyo nilimwita kipepeo chui. Hatulii; hata akinyonya maua, mabawa yake yanatikisika. Jike hutaga yai moja moja kwenye machipukizi mekundu ya kayaba. Baada ya siku tatu hivi hutoka kiwavi, ambaye akikua ana safu za miiba yenye matawi. Inatisha kwa macho tu, mkononi haichomi. Baada ya wiki mbili hivi hujining'iniza na kuwa pupa ya kijani yenye vidoa vinavyong'aa. Mwaka mzima niliona machipukizi yakiliwa na mengine yakitoka, nikaandika: kayaba haifi kwa viwavi hawa.

Dada yangu, aliyekuwa mjane, aliishi mtaa wa Nyalenda. Lori la mchanga la jirani yake, aliyekuwa akijenga vyumba vya kupangisha, lilikuwa limeangusha ua wa nyuma wa dada hadi kona. Alama nyingine ya mpaka hakuwa nayo. Akapanda miche ishirini ya kayaba palepale.

"Owadwa," aliniita, kama kaka anavyoitwa kwetu, "wadudu wanamaliza miche yangu. Muuza samaki wa omena mmoja ameniambia nimwagie dawa ya kupe."

Niliinama kutazama. "Usimwagie. Hawa ni wale wangu."

"Wako? Basi waite warudi kwako wakale stoo."

"Itachipuka tena. Nimeandika mwaka mzima."

Aliniangalia kidogo. "Sawa. Wewe ndiye unayesoma."

Jambo moja sikumwambia. Wiki hiyo ua wa karakana ulikuwa umekatwa hadi usawa wa magoti, nami nilikuwa bado sijamwona kipepeo hata mmoja akipasua pupa. Nilihitaji viwavi wa kwake.

Kipepeo huyo nilimwona Jumapili moja asubuhi, dada akiwa kanisani. Alitoka na mabawa yaliyokunjamana, yakanyooka taratibu, nami nikaandika saa. Miche kumi na saba kati ya ile ishirini ilikuwa vijiti vitupu. Mvua zilikuwa zimechelewa. Ua mkongwe una mizizi ya kuulisha. Mche wa miezi miwili, ukiliwa majani mara tatu kwenye udongo uliopasuka, hauna cha kuchipulia. Nilikuwa nimechunguza ua mmoja tu, nikautungia sheria kila mmea wa kayaba.

Mbuzi wakamaliza vijiti na ile mitatu iliyobaki. Kabla ya mwezi kwisha jirani alisimika nguzo, hatua nne ndani ya kiwanja cha dada. Akaitwa mzee wa mtaa.

"Mche wa mwisho ulikuwa wapi, mama?"

"Hapa," dada alisema, akikanyaga chini.

"Hapo nilikuwa namwaga mchanga wangu," jirani akasema.

Dada akanigeukia. "Soma daftari. Huyu, mzee, anaandika kila kitu."

Nililifungua. Mche wa ishirini: viwavi wanne, mkubwa milimita ishirini na tatu.

"Vizuri," mzee alisema. "Na kutoka ukuta wa nyumba hadi mche huo ni hatua ngapi?"

"Sikupima."

Jirani alicheka mpaka akashika kiuno. "Bwana huyu! Amepima mdudu, hakupima kiwanja!"

Waliokuwepo wakacheka pia. Nguzo zikabaki zilipo.

Nilimwambia dada kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nilipaswa kumwacha amwage dawa. Kesho yake alianza kubomoa jiko lake, kwa kuwa paa lilikuwa limevuka nguzo za jirani, nami nikaenda kusaidia. Alinipa nyundo, akanionyesha msumari wa kuanzia. Tulipofika kusimika jiko jipya, nilimshauri nguzo ya kona isogezwe ndani kidogo kwa sababu ya maji ya mvua.

Aliweka chini kamba ya kupimia.

"Ngoja kwanza," akasema, "nimwulize fundi."