Kuku wa Kampala Hana Firigisi

Jamani, mimi Maloba wa Dabani nimewahi kuletewa kuku aliyeishi maisha yake yote bila firigisi.

Msicheke. Ilikuwa Kampala, mchana kweupe, na nusura ivunje ndoa ya binti yangu.

Kijana mmoja, Marvin, alimtaka Phiona, kitinda mimba wangu. Badala ya kuja nyumbani kama watu, akatualika mimi na Phiona mgahawani, ghorofa ya saba. Viti vinazunguka. Sahani pana kama ungo, chakula kiko katikati kama kimedondoka kwa bahati mbaya.

Nimestaafu reli, nchi hii nimeila yote. Mbale wanakata nyama kama wanakata kucha. Gulu, ukiinamia supu unajiona uso. Lakini Kampala! Kampala unalipia mapambo, njaa unarudi nayo nyumbani.

Kuku akaja. Nikamgeuza huku na huku.

"Firigisi iko wapi?"

"Ssebo, hiyo hatuweki," akasema mhudumu.

"Hamuweki? Kwani ni nyinyi mliomuumba?"

"Kampala hakuna mtu nakula hiyo, ssebo."

Sasa, kwetu Usamia firigisi ni ya mzee. Ukimwandalia baba mkwe kuku asiye nayo, umemwambia yeye si kitu.

Nikasukuma sahani. "Phiona, inuka. Huyu hatakuoa."

Machozi yakamlenga. "Baba, kwa sababu ya firigisi?"

Marvin naye jasho linamtoka. "Mzee, nisamee. Chagua wewe pahali, mimi nakuja."

Nikachagua Tororo, kwenye kibanda cha chakula cha Kevina, pale chini ya mwamba. Miaka kumi na mitano tunakula kwake kila Jumamosi, wazee wanne: Bwire, Otai, Osire na mimi. Kuku mmoja, na kila mzee anapewa firigisi yake. Hiyo ndiyo heshima!

Jumamosi tukakaa, Marvin na Phiona pembeni. Kevina akatua bakuli. Firigisi nne juu, zinang'aa mafuta.

"Umeona?" nikamwambia kijana. "Kampala waje wasome hapa."

Marvin akatazama bakuli, akatutazama sisi.

"Mama, kuku ni mmoja?"

"Mmoja."

"Na firigisi nne?"

Bwire aliacha kutafuna.

Kevina hata hakupepesa. "Hizo zinakuja na basi la asubuhi, mwanangu, mifuko kwa mifuko. Wakubwa wa Kampala hawazitaki. Kuna mgahawa mmoja huko ghorofa ya saba, viti vyake vinazunguka. Hao ndio wananipa nyingi."

Phiona akajifunika leso usoni, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Wote wakanitazama. Nikaitazama firigisi yangu.

Nikaila.

"Marvin," nikasema, "lete wazee wako Dabani. Na kuku aje anatembea mwenyewe."

Kampala bado naidharau, na Tororo sasa nimeiongeza kwenye orodha. Lakini binti nilimwoza. Wazee wanne tulishiba sifa miaka kumi na mitano, akaja kijana wa mjini akawa wa kwanza kuhesabu.

Nanyi mnaosifu vya kwenu, hesabuni kwanza.