Jicho la Upepo Kyarumba

Mume wangu Masereka alikuwa fundi wa kujenga, na ugonjwa wake ulikuwa maneno. Mwaka 1967, alipokuwa akipachika madirisha kwenye nyumba za wachimba shaba kule Kilembe, alimganda msimamizi wake Mzungu: mbona hiki mnakiita "window"? Mzungu alicheka kwanza, kisha akamweleza. Neno hilo lilipelekwa Uingereza zamani na watu wa nchi za baridi waliovuka bahari. Kwao lilikuwa na maana ya jicho la upepo, tundu tu la kutolea moshi, kabla watu hawajaanza kuweka vioo. Masereka alirudi kwetu Kyarumba anatembea kama aliyepandishwa cheo.

Sasa mama yangu, Edisa, alikuwa akipikia ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kama wengi huku mlimani, ili baridi isiingie. Moshi ulikuwa unamla macho. Masereka alitaka kutoboa ukuta, lakini kwetu mkwe hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Alisimama uani, mimi mlangoni, kila neno likapitia kwangu.

"Kabugho, mwambie mama, hata Waingereza dirisha wanaliita jicho la upepo."

Nikamwambia. Lo! Mama akaacha mwiko chunguni.

"Upepo una jicho? Basi ndiyo usiingie kabisa! Unitazame nimelala?"

"Umeshaharibu," nikamfokea Masereka. "Si ungesema tu moshi utatoka?" Nilikasirika kweli. Mama yangu anapofuka, yeye ananiletea habari za Wazungu!

Jumamosi moja kaka yangu Nzanzu akapanda kutoka machimboni kuja kumsalimu mama. Aliingia, akasimama mbele yake kimya, anatabasamu. Mama akapangusa macho.

"Karibu, mgeni. Wewe ni wa nani?"

Nzanzu alitoka, akaenda kulia nyuma ya migomba. Mama alimsikia.

Asubuhi akasema kwa sauti, ili mkwe wake asikie huko nje: "Kabugho, mwambie atoboe. Upepo ukinitazama, nami nitautazama."

Masereka alitoboa upande wa njia. Moshi ukapata pa kutokea, na macho ya mama yakapoa polepole. Akahamishia kigoda chake hapo dirishani. Nzanzu alipokuja tena, alikuwa bado chini kwenye mibuni, hajafungua hata mdomo, aliposikia anaitwa.

"Nzanzu! Mbona umekonda hivyo, mwanangu? Huko hawakulishi?"