Beverlyne Akingoja Leseni

Mwaka wa 1996 Beverlyne Nyanchoka alirudi nyumbani Uriri akiwa amehitimu uuguzi na kufaulu mtihani wa baraza la wauguzi, lakini bado hana ruhusa ya kumdunga mtu sindano. Kazi alikuwa ameahidiwa, katika zahanati ya misheni nje kidogo ya Rangwe. Sista Phelesia, msimamizi wa pale, alikuwa amemwambia wazi: "Njoo na leseni. Ukija bila leseni wewe ni mgeni, na mgeni tutampa chai tu."

Basi akangoja, akimsaidia mama yake, Teresa, kuuza ndizi sokoni. Shida ni kwamba soko zima lilikuwa limeshaanza kumwita daktari. Mama mmoja alimletea mtoto mwenye upele. Mwingine alivua kiatu pale pale kwenye ndizi amwonyeshe kidonda. Beverlyne aliwaambia waende hospitali Migori, na wengine akawasindikiza mwenyewe. Sindano hakushika. Watu wakaanza kunong'ona kwamba labda huyu binti wa Gichana alianguka mtihani.

Maneno hayo yalimuuma Teresa. Kwa hiyo mwenye kliniki mmoja wa kibinafsi alipokuja nyumbani kumtaka Beverlyne aanze kazi Jumatatu, Teresa alimwongezea chai.

"Mambo ya leseni yatajipa baadaye," yule mtu alisema. "Nani atakuuliza? Watu wanataka kupona, hawataki kusoma makaratasi."

Mikono ya Beverlyne ilikuwa ikitamani kazi, na hakutaka kumvunja mama moyo. Aliyejibu ni baba yake.

Gichana alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu mkubwa mwenye sauti ya mnadani. Lakini siku hiyo aliongea polepole. "Ng'ombe wangu hawatoki mnadani Ogwedhi bila kibali cha daktari wa mifugo, hata wawe wazima namna gani. Na hao ni ng'ombe. Huyu mtoto atashika watu. Wacha angoje."

Mgeni alimaliza chai yake, akaaga.

"Umemlinganisha mtoto na ng'ombe mbele ya mgeni," Teresa alisema.

"Ng'ombe wa maana," Gichana alijibu, na Beverlyne akacheka mpaka machozi yakamtoka. Teresa naye alijizuia kidogo, kisha akashindwa.

Tangu siku hiyo Gichana alieleza kila mahali kwamba bintiye hakuanguka mtihani, anangoja kibali. Wachuuzi wa mifugo walielewa mara moja. Na kwa kuwa alipenda kusikilizwa, akaongeza kwamba leseni ikifika, mkono wa kwanza kudungwa utakuwa wake. Nyumbani walitazamana tu. Miaka ya nyuma, pembe ya ng'ombe ilipomchana paja, Gichana aliona sindano akatoroka hospitalini kwa kuruka ua, damu ikimtiririka.

Leseni ilifika mwezi wa Agosti. Beverlyne aliichukua posta Migori, akasoma jina lake, akalisoma tena, kisha akapita dukani kwa Mohamednur kununua kitambaa cha sare. Mohamednur alinawa mikono kabla ya kuishika ile karatasi. Aliisoma yote kwa sauti, wateja wakapiga makofi, naye akampimia kitambaa kwa ukarimu.

"Mwambie mzee mkono wake unangojwa," alisema.

Jumatatu Gichana alimsindikiza Rangwe, amevaa koti la kanisani, amembebea sanduku. Sista Phelesia aliikagua leseni, akanakili nambari, akamkabidhi Beverlyne aproni.

"Na mzee, uliwahi kuchanjwa pepopunda? Watu wa pembe na seng'enge wanaihitaji sana chanjo hiyo."

Gichana aliutazama mlango. Kisha akamtazama binti yake ndani ya sare mpya. Akakaa kitini, akakunja mkono wa shati.

"Baba," Beverlyne alisema akipangusa ngozi kwa spiriti, "yule fahali mwekundu ulimpataje? Si mwenyewe alikataa kuuza?"

"Alikataa kabisa. Nikamwambia, sawa, basi niuzie kamba yake tu. Akashangaa. Kamba ya nini? Nikamwambia—"

"Tayari, baba. Unaweza kushusha shati."

Gichana aliuangalia mkono wake, akaona pamba tu. Lakini hadithi ilikuwa imefika patamu, na benchi zima la wagonjwa lilikuwa limetega masikio. Akaendelea mpaka fahali akanunuliwa, Sista Phelesia amesimama mlangoni amesahau alichokuwa amefuata.

Kicheko kilipotulia, nyanya mmoja aliinuka kwa fimbo, akaja kukaa kwenye kile kiti.

"Nyathina, mwanangu," alimwambia Beverlyne, "mimi sina hadithi ya fahali. Mimi nina goti."

Beverlyne alinawa mikono, akapiga magoti mbele yake.

"Haya, dani, nyanya yangu," alisema. "Hebu tulione."